Ndimu ya Juzi

Saa tisa usiku, kaunta namba kumi na nne, Maskati.
Mbele yangu masanduku manne yamekazwa kamba,
makopo ya haluwa ndani ya mfuko wa duka la viatu,
na wewe, na mama yako, na watoto wawili.

Azzan, miaka mitano, anaburuza begi la magurudumu
kama anayeburuza mbuzi asiyetaka kwenda.
Mdogo umempakata ubavuni.
Thuwaiba, pasi inasema. Kavuka miaka miwili
kwa siku kumi na moja.
Wiki mbili nyuma angekaa mapajani pako.
Leo ni abiria kamili: ana kiti, ana mkanda,
ana kilo zake ishirini na tatu za mzigo.

Mashine imewatawanya.
Si mimi. Mashine.
Wewe 9D. Mama yako 17F. Azzan 22B.
Na Thuwaiba, ambaye bado husema "kojo" baada ya kukojoa,
31E, katikati,
baina ya wanaume wawili ambao hata majina yao sijayasoma.

Nikakwambia kwa Kiarabu, kwa ile sauti tuliyofundishwa,
kwamba kukaa pamoja ni riali tatu na nusu kila kiti.

Ulihesabu kwa vidole chini ya kaunta. Niliona.
Kumi na nne.
Ukamgeukia mama yako, ukatoa Kiswahili,
kile cha jikoni, cha kuficha mambo:
"Wanataka nimlipie mwanangu kukaa na mie."

Yeye hakupunguza sauti.
"Huyu naye kazaliwa au kaokotwa?
Mie nilikubeba miezi tisa, sikukutoza nauli.
Mtazame. Uso kama ndimu ya juzi."

Nikaitazama skrini.
Jina kifuani pangu ni Ibtisam, maana yake tabasamu,
nami nikatabasamu, maana ndiyo kazi,
na maana marehemu bibi yangu, nyumbani kwetu Mabela,
alikuwa akitutukana kwa lugha hiyohiyo asubuhi
na kutuombea dua kwayo usiku.

Ningeweza kukwambia: shoga, nami ninaye.
Rayyan, miezi kumi na tisa, saa hizi yuko kwa mama,
mguu mmoja umetoka nje ya shuka.
Kila usiku wa zamu naongezewa riali mbili.
Wewe unatakiwa ulipe ukae na wako,
mimi nalipwa nisikae na wangu.
Zijumlishe hesabu hizo:
kuna mtu mahali fulani anabaki na chenji.

Lakini foleni ilikuwa imefika kwenye mlango wa vioo,
na msimamizi anapita na kalamu yake
akihesabu viti tulivyogawa bure.

"Silipi," ukasema. Kwa Kiarabu, nisikie.
"Akilia, alie. Akijikojolea, kiti si changu."

Sijui mashavu yangu yalifanya nini.
Nikachapa kadi nne, zile zile, 9, 17, 22, 31,
na nyuma ya ile ya Thuwaiba nikaandika kwa kalamu ya wino:
Mwone Sabiha getini. Mwambie ni mimi.
Kisha nikainama kuelekea kwa mama yako.
"Mama," nikasema, kwa Kiswahili cha bibi yangu,
"ndimu ya juzi ndiyo inayokoleza mchuzi."

Hakusema kitu. Alivuta mtandio wake mdomoni,
na mabega yakaanza kumtikisika,
kwa kicheko au kwa haya, sikupata nafasi ya kujua;
Azzan alikwisha kuburuza mbuzi wake mbali.

Kama Sabiha alikuwa na viti, sijui.
Sikumuuliza. Zamu iliisha, kukapambazuka,
nikaenda kuurudisha mguu wa mtu ndani ya shuka.

Ila kabla ya hapo, baada yenu tu,
alifika mwanamume mmoja, peke yake, hana hata begi la mkononi.
Aliuliza, kwa upole kabisa,
kukaa mbali na watoto wadogo ni bei gani.

Nikamwambia: riali tatu na nusu.