Risiti

Aberdeen, Desemba, saa tisa na nusu alasiri,
taa za barabarani zimekwisha kuwaka.
Nilirudi kutoka chumba cha mtihani
koti limelowa upande mmoja tu,
ule ambao upepo wa hapa unaupenda.
"Vipi?" ukaniuliza.
"Nimeanguka. Mara ya pili."
Ukasogeza kikombe. "Chai itapoa, Salha."

Usiku, ulipolala,
nikafungua kabati kimya kimya
nikavitoa vile viatu vyeupe vya uuguzi
ulivyoninunulia wiki mbili nyuma,
namba tano, soli laini,
karatasi bado zimejazwa kwenye ncha.
Nilitaka kuvirudisha. Duka lina huruma:
siku ishirini na nane, mradi uwe na risiti.
Nikapekua droo. Nikapekua mifuko ya suruali zako,
nikapata tiketi za basi, kifungo,
peremende iliyogandana na kitambaa.
Risiti, hakuna.

Raya alinikuta nimepiga magoti sakafuni.
Miaka saba, meno mawili ya mbele hana.
Akadhani naswali, akangoja nimalize.
Kisha akazitandaza kadi zangu juu ya zulia
akaanza kunisaili mifupa,
"femurrr", akiiburura herufi
kama wenzake wa shuleni.
"Ukikosea unaanza upya," akaniambia,
kwa sauti yangu mwenyewe,
ile ninayomfundishia alifu, be, te.

Na mama, kule Muheza, alikwisha nitangaza:
arusini, msibani, kwa muuza nazi.
"Mwanangu nesi Ulaya."
Mama, bado, nafua mashuka tu ya hospitali.
"Kwani hayo mashuka ni ya hoteli?"
Uongo wake ulitangulia na tochi,
mimi nyuma, nikijikwaa, nikiufuata.

Niseme kweli, Nassibu:
kuna siku niliwachukia kwa imani yenu.
Anayekuamini hakuachii pa kujilaza.
Ukiwa peke yako unaanguka, unajipangusa, yamekwisha;
ukiwa na watu
unaanguka na vyombo vyao kichwani.

Hata Bi Morag wa ghorofa ya chini,
ambaye hatujapata kuzungumza naye ila mvua,
wiki ya mtihani wa tatu
alizima televisheni yake saa mbili usiku.
Ukimya ule ulipanda kupitia mbao za sakafu,
nikausomea.

Asubuhi yenyewe, Machi, theluji imegeuka tope,
nikakuuliza mlangoni, nikifunga kamba:
ile risiti uliiweka wapi?
Ukacheka. Ulikuwa unapaka siagi mkate wa Raya.
"Niliitupa pale pale, pipa la nje ya duka.
Risiti ni ya mtu anayetarajia kurudi."
Ukaendelea kupaka, mpaka pembeni kabisa,
kama anavyopenda.

Leo zamu yangu imeisha alfajiri.
Nimevivua mlangoni, mmeshalala wote.
Kimoja kina doa la ayodini lisilotoka,
visigino vimelika upande mmoja,
ule ule wa upepo.
Hakuna duka Aberdeen nzima lingevipokea.
Nimeviweka kando ya vyako
nikaenda kuchemsha maji.