Umefika Ngapi?

Usiku wa sita, Mawenzi, wodi ya watoto.
Upepo wa mlima unapenya kwenye kioo
kilichozibwa kwa boksi la dripu,
unatupitia sisi kina mama tuliopangwa chini
kama ndizi zilizovundikwa.
"Laleni, mama zangu," anasema nesi Mkwizu.
Nani alale?
Elisaria anapumua kama msumeno kwenye mbao mbichi.
Daktari alisema: zikivuka hamsini kwa dakika, niite.
Basi nahesabu.
Saa ya ukutani ilikufa saa nne na robo, sijui ya siku gani,
kwa hiyo dakika naipima kwa matone:
yakidondoka ishirini, naanza upya.

Nadaiwa usingizi kama marejesho ya vikoba,
kila kukicha riba.
Juzi nilitia chumvi kwenye chai, nikainywa yote.
Nilimwita nesi "mama", akaitika.
Wifi yangu alishuka na mtori kutoka Kibosho,
nikamuuliza, kwa adabu kabisa,
wewe ni nani wa mgonjwa?
Na fomu ilipotaka jina la mzazi
kalamu ilisimama, ikasimama,
nikaandika: kitanda namba kumi na moja.

Saa tisa nikapiga magoti kwenye sakafu inayonuka dawa.
Niliomba kwa Kichagga; Kiswahili kilikuwa kimeniishia.
Ruwa, mshike. Ruwa, usimwachie.
Nikataja jina, nikalitaja,
mpaka ulimi ukawa mkavu kama gunzi.

Adhana ndiyo iliyonikatiza,
ndipo nikasikia nilichokuwa nikisema:
Shufaa. Shufaa. Shufaa.
Usiku kucha nimemwombea mtoto wa kitanda cha pili,
binti wa yule mama wa Same
aliyekuwa amelala, mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni.
Niliona haya
kama aliyepeleka mahari nyumba siyo.
Niliwaza hata kuyarudisha, nikaanze tena.
Yanarudishwaje?
Elisaria alikuwa palepale, na mbao zake.

Mama Shufaa akaamka.
Hakuniuliza naliliani.
Alivuta ndoo, akaikalia upande wa mwanangu,
akatazama kile kifua.
"Umefika ngapi?"
"Thelathini na nane."
Akanisogezea mkeka wake, una joto bado.
Nikizama nilimsikia, kwa ile lafudhi ya Upareni,
polepole, kama anayehesabu pesa ya mtu mwingine:
thelathini na tisa,
arobaini,
arobaini na