Viazi vya Baridi

Nilipanda nyanda za juu na begi la kilo ishirini,
nusu yake karatasi.
Niliuchora wokovu kwa penseli za rangi:
mshale mwekundu toka dhambini hadi msalabani,
wa buluu toka msalabani hadi majini,
na pembezoni, kwa herufi za sisimizi,
aya arobaini za kujibia maswali.

Hakuna aliyeuliza swali.

Huku Wila Pata watu wanauliza kama umekula.
Wanauliza kama mama yako anajua uliko.
Mzee Fausto Quenallata alivitazama viatu vyangu, akasema
havitafika Agosti.
Vilipasuka Julai.

Mwenzangu Abdías ana sauti ya kanisa zima.
Akisali hupanga: kwanza, pili, tatu, hatimaye,
nami hujikuta nikihesabu
kama mtoto anayengoja chungu kiepuliwe.

Ilikuwa Juni, usiku wa baridi ya kung'ata.
Mimi mtoto wa Trinidad, mji wa jasho na mito,
sikuwahi kuona maji yakilala na kuamka jiwe.
Mama Saturnina alimwaga viazi uwanjani,
vile vidogo, vya mwisho, visivyouzika,
akaviacha wazi chini ya nyota.
Nikamwambia vitaharibika.
Akaniitikia "ndiyo, mwanangu,"
kwa ile sauti ya kumnyamazisha mgonjwa.

Asubuhi ya nne, jua lilipopanda, akanivua viatu.
"Kanyaga. Si kwa nguvu. Kwa uzito wako tu."
Basi nikakanyaga.
Viazi vilivyoganda usiku na kulegea mchana
vikatoa maji chini ya nyayo, maji ya kijivu,
na maganda yakajivua katikati ya vidole.
Nilitaka kumwambia habari za neema.
Nilikuwa nayo aya, tena ya Warumi, ndefu,
lakini miguu iliniuma
naye alikuwa anaimba kitu kisicho na maneno.

Vikikauka huwa vyepesi, vyeusi,
ukivigonga vinalia kama mbao.
Alinitia kimoja kiganjani.
"Hiki kitamkuta mjukuu wangu ambaye hajazaliwa.
Kiazi chenye maji hakivuki mwaka."

Sitasema hapo ndipo nilipoelewa.
Nilisema tu kwamba vidole vimekufa ganzi;
akacheka, akavifunga ndani ya shali yake.

Jumapili zamu ilikuwa yangu.
Nikafungua karatasi: mshale mwekundu, mshale wa buluu,
na aya zangu, sisimizi kwa sisimizi.
Nikaona maji, maji matupu.
Watu kumi na wawili, mbwa mmoja, upepo mlangoni.
"Anatupenda," nikasema. "Nasi tupendane."
Nikakaa.
Abdías akakohoa.
Mzee Fausto akauliza kama nimeshikwa na homa.

Njiani Abdías hakunisemesha hadi darajani.
Hapo akasema: "Na wakikuuliza kuhusu Utatu?"
Nikasema sijui.
Akasema, "Hata mimi," polepole,
kama anayerudisha kitu alichokopa.

Husemwa mkono mtupu haulambwi.
Wangu haukulambwa kweli. Ulitiwa bakuli la supu.

Siku hizi sala yangu ni fupi kuliko kuvaa soksi:
Baba, niko hapa. Kuna baridi. Asante kwa moto.
Mara nyingine naishia kwenye baridi.
Zipo nyakati naona haya, kwamba nilitumwa mbali hivi
kuja kusema machache hivi,
na zipo nyakati naogopa kwamba kilichotoka kikikanyagwa
hakikuwa maji.

Zile karatasi nilimpa Mama Saturnina awashie jiko.
Alizitazama moja moja kabla ya kuzilisha moto.
Moja akaibakiza, yenye mshale wa buluu,
akaibandika ukutani juu ya kitanda chake.
Nikamuuliza imemwambia nini.
"Hakuna," akasema. "Nimeipenda rangi."