Kitalu Namba Tisa

Usiniulize bahari. Hapa Mufindi
maji ni ya kijani, yamekatwa kimo cha kiuno,
yamepangwa mistari na yana bwana shamba.
Katikati ya chai, kitalu namba tisa,
kimebaki kisiwa: ekari nne za msitu
zilizomshinda mkoloni kwa mteremko,
zikawashinda waliofuata kwa uvivu.

Humo kuna mivengi iliyoota ndevu,
makangaga marefu kuliko mtoto wa darasa la tatu,
kinyonga wa pembe tatu anayetembea
kana kwamba kila hatua amesahau kitu,
na kijiua cha waridi, kifungo cha shati la kichanga,
ambacho sijakiona ng'ambo ya barabara
wala popote palipolimwa.
Funo yupo. Simwoni.
Naona mavi yake tu, nadhifu kama kunde.

Na alikuwapo mbega. Mmoja.
Wenzake walitoweka mwaka ilipopandwa mikaratusi.
Kila alfajiri, kabla ya king'ora cha kiwanda,
aliunguruma toka kileleni,
akanyamaza, akasikiliza.
Sisi tukaamka, tukakoroga uji.
Hakuna aliyejiuliza anamwita nani.

Jumanne moja ya Julai ukungu ukafunga
hata Skolastika Kihwele hakukiona kikapu chake.
Ndipo akashuka. Kwa miguu,
yeye ambaye udongo haukuwahi kumjua,
manyoya meupe yakiburura umande
kama shuka la bwana harusi aliyechelewa.
Akapita mstarini kwangu, karibu,
nikamsikia akihema.
Wanawake kumi na mmoja tukasimama, mikono hewani,
kila mmoja na jani lake,
na Mama Otmari, ambaye hunyamaza akilala tu,
alinyamaza.

Jioni karani wa mzani akauliza
kilo zetu zimeliwa na nini.
Skolastika akakaza khanga kiunoni:
"Tulikuwa tunavusha abiria."

Sijui kama alifika.
Ng'ambo kuna kisiwa kingine, kidogo nacho,
na njiani kuna mbwa wa walinzi.
Siku hizi king'ora ndicho kinachotuamsha,
na uji una haraka.

Lakini juzi, mstari wa saba,
nimekuta mche wa mvengi katikati ya chai,
vijani viwili, vyekundu bado kwa utoto.
Bwana shamba huita hilo gugu.
Nimechuma kulia kwake,
nimechuma kushoto.