Ndoo ya Tatu

Somoe anahesabu vifaranga vya perege kwa kikombe cha chai.
Mwaka jana tulimwaga elfu sita humu ziwani Rutamba.
Kambale walinenepa.

Tukawatega kambale.
Tukawafukuza minandi kwa kupiga madebe
mpaka watoto wakakosa usingizi.
Nyavu zikarudi na majani.

"Perege hulea kinywani," anasema, bila kuinua macho.
"Akishawatema wanawe, wakimbilie wapi?"

Naujua ukingo anaousema.
Matete yake niliyafyeka mimi, nikapanda mchicha;
mchicha ule umenilipia ada ya Hawa
na bati kumi na mbili.

Ndoo ya tatu imejaa, maji yanatetema mikia.
"Tumwage?"

Ngoja kwanza, Somoe.
Tete huchukua muda gani kuota?