Aliyekanda Naye Akandwe

Nimekanda unga miaka thelathini na minne,
Kutaisi, mtaa wa nyuma ya stesheni,
nikiinamia tanuri lenye kina cha kisima
kubandika mikate ya shoti kwenye ukuta wa moto,
mkono wa kulia ukitangulia, kichwa kikifuata,
mara mia tatu kabla watu hawajaamka.

Basi bega liliponikatalia, nilijua dawa:
aliyekanda naye akandwe.
Nikapanda ngazi za jengo lililokuwa posta,
nikavua sweta kwa mkono mmoja na meno,
nikajilaza.

Nestan hakunigusa.
Alisema, Amka. Inua.
Mkono ukafika usawa wa titi, ukagoma.
Akachora mstari wa penseli ukutani,
akaandika Zaur, na tarehe.
Palikuwa na mistari mingine: ya fundi vigae,
ya mwalimu wa fidla, ya mtoto aliyeangushwa na baiskeli
(wa mtoto ulikaribia dari).

“Unga ukishakandwa huachwa ulale,” akasema.
“Bega likilala huganda. Lako nitalituma.”

Akalituma.
Kwanza kuning'inia: niiname, nishike meza,
mkono ulegee, uchore duara dogo hewani
kama wa mtu anayekoroga chai asiyokusudia kuinywa.
Halafu vidole vipande ukutani,
wadudu watano wazembe.
Halafu mpira wa kijani uliofungwa kitasani:
kuvuta, kisha kuachia polepole.
Kuachia ndiko kazi, alisema,
kuvuta hata mbwa anavuta.
Maumivu ya nne katika kumi, endelea.
Ya saba, acha, usijifanye dume.
Mwishoni alinikanda dakika nne,
kama nyongeza ya sokoni.

Nyumbani nilidanganya. Nilisema mara tatu kwa siku;
ilikuwa mara moja, mbele ya televisheni.
Mstari haukudanganya.

Wiki ya tano akauliza lilianza lini.
Nikasema, Disemba.
Akanyamaza, akikunja taulo.
Nikasema, kaka yangu Guram alikuwa na zamu ya alfajiri,
mimi ya mchana. Tulipomzika
nikachukua zote mbili.
Taulo lilikuwa limeshakunjwa.
Akalikunjua, akalikunja tena.

“Zoezi la sita si la ukutani,” akasema.
“Tafuta mtu wa alfajiri.”

Hilo ndilo lililoniuma tisa katika kumi.

Sasa yupo Eteri, miaka ishirini na miwili.
Anabandika kwa kushoto,
mikate yake imepinda upande usio wa nyumba yetu,
mwezi mwandamo uliogeuzwa,
na wateja wanakula bila kuuliza.
Nakaa juu ya gunia, nakoroga hewa,
nimeuma ulimi.

Bega halijapona.
Usiku wa theluji linapiga hodi, nalifungulia,
tunakesha.
Ila jana saa nane mchana, nikiwa peke yangu,
nilifika mahali katikati ya mgongo
palipokuwa pakiwasha tangu kabla ya msiba,
nikapakuna.
Nikapakuna tena,
ingawa hapakuwa pakiwasha tena.