Mvuje

Ukiniuliza pa kula, Rukaya, sikwambii Masaki,
kule menyu ina jalada la ngozi
na maji yana bei ya kuku.
Nakwambia Kariakoo, ghorofa ya pili,
juu ya duka la zipu na vifungo.
Ngazi hazina taa. Fuata harufu ya tangawizi.

Bi Lian hana bango. Ana meza tano,
kalenda ya mwaka juzi, feni inayokohoa,
na tambi anazozivuta kwa mikono
mpaka unga unasalimu amri.
Vijiti vikikushinda usione haya:
wabeba marobota ya vitenge wanakulia kijiko,
naye huwaongezea pilipili bila kuulizwa
na kuwagombeza kwa Kiswahili cha shimoni:
"Maliza! Chakula si pambo!"

Kuna na wale Wakorea, mume na mke,
uani nyuma ya gereji, Mikocheni.
Kabichi yao inachachuka kwenye ndoo
zilizowahi kuwa za rangi ya ukuta.
Nilikula, nikalia machozi.
Jumamosi ya pili nikarudi, nikalia tena.

Lakini nilitaka kukwambia ya Kisutu.

Mshahara ulipotoka nilimchukua mama.
Miaka ishirini na sita alipika Upanga,
familia moja, ghorofa ya nne.
Lifti haikuwa yake. Kikombe chake cha bati
kilikaa peke yake chini ya sinki.
Vyakula vile alivijua kwa mkono na kwa pua;
kuletewa mezani, hata siku moja.

Alivaa viatu vya kanisani.
Alikaa ukingoni mwa kiti
kama mtu aliyeambiwa asubiri.
Likaja sinia la chuma cha pua, vibakuli saba,
bamia, mtindi, achari ya ndimu,
dengu za njano zinafuka moshi.
Nikasema, kula, mama.
Akachovya. Akanyamaza. Akachovya tena.
"Mvuje umeungua," akasema, wala si kwa kunong'ona.
"Aliyepika ana haraka."

Nilitamani kuingia chini ya meza.
Kirit, mwenye mkahawa, alikuwa kwenye droo ya hela.
Alisikia. Akaita jikoni: "Nikodemu!"
Akatoka kijana wa Mbinga,
manjano mpaka viwikoni, mwiko bado mkononi.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Nani alikufundisha?"
"Hakuna. Nilikuwa naosha vyombo, natazama."
"Na mimi," mama akasema. Akainuka.

Mlango wa jikoni ukawameza wote wawili.
Kirit akaniangalia, nikamwangalia.
Akanisukumia kikombe cha chai, kisha akahesabu
noti zilezile mara tatu.
Ndani haradali ilianza kupasukapasuka,
na sauti niliyokulia nayo ikasema:
"Bado. Bado. Haya, sasa. Toa!"

Alirudi na bakuli amelibeba mwenyewe,
moyo ukaniuma: hata leo, mama?
Akaliweka mbele yake, si mbele yangu.
Akaegemea kiti, mgongo wote,
akala bila kunikaribisha.

Nenda Jumanne, watu si wengi.
Mwambie Nikodemu unataka dengu za Bi Anastazia.
Hazimo kwenye menyu.
Na ubebe hela ndogondogo,
Kirit hajawahi kuwa na chenji.